Trela huoza mahali rangi haifiki

Wasee wengi wa Nairobi wamechoka kulala kwenye hema chini. Sasa wanataka trela: kitanda juu, jiko nyuma, tangi la maji pembeni. Ijumaa jioni unalifunga kwa gari, unaelekea milima ya Chyulu au jiwe la Nzambani kule Kitui. Kwa kuwa trela la kuagiza kutoka nje ni ghali, watu wanampelekea fundi wa jua kali picha kwenye simu na kumwambia, "Nitengenezee kama hii."

Shida ni kwamba picha inaonyesha rangi. Haionyeshi chasisi.

Ukitaka kujua chasisi inavyoteswa, achana na Instagram. Simama Wote, Mutomo au Kitui mjini utazame mkokoteni wa punda wa kuuza maji. Ekseli na magurudumu ni ya gari kuukuu, juu yake fremu ya chuma. Mitungi 10 ya lita 20 ni kilo 200 za maji, na njia ni mawe na makorongo. Isitoshe, visima vingi vya Kitui na Makueni vina maji ya chumvi. Yanamwagika kidogo kidogo kwenye chuma, jua linayakausha, chumvi inabaki. Chumvi hiyo hunasa unyevu, na kutu inakimbia mbio.

Mkokoteni ukivunjika, mwenyewe amekosa unga wa siku hiyo. Trela lako likikatika kwenye Barabara ya Mombasa pale Makindu, anayelipa anaweza kuwa mtu wa bodaboda aliye nyuma yako. Kwa hivyo hii si mambo ya urembo.

Chuma hakivunjiki popote tu. Angalia sehemu mbili: pale mkono wa kuvutia unapoungana na chasisi, na pale springi zinaposhikiliwa. Barabara ya vumbi yenye matuta madogo madogo huipiga fremu maelfu ya mara kwa safari moja, na ufa huanzia mwisho wa mshono wa kuchomelea. Mwambie fundi mkono usiishie kwenye chuma cha mbele. Urudi nyuma chini ya chasisi hadi karibu na springi, ndiyo mzigo ugawanyike.

Na usidhani kuongeza vyuma vizito ndiyo dawa. Ukichomelea bamba nene sehemu moja, ufa unahama tu hadi pale nene inapokutana na nyembamba. Bamba la kuimarisha likatwe ncha zake zichongoke, lichomelewe kwa urefu, si kukata boriti kwa upana.

Sasa kutu. Bomba la mraba ni jepesi na lina nguvu, lakini linaoza kutoka ndani. Fundi akitoboa tundu la bolti, maji ya mvua yanaingia na hayana pa kutokea. Chagua moja: bomba lizibwe kabisa kila upande, au litobolewe matundu ya kutoa maji sehemu za chini kabisa. Kuziba nusu nusu ndiyo mbaya zaidi.

Kuna wanaonunua chuma kilichopakwa zinki wakidhani wamemaliza kazi. Zinki hulinda chuma kwa kuliwa yenyewe kwanza, hiyo ni kweli. Lakini moto wa kuchomelea huiunguza, kwa hivyo kwenye mishono, mahali unapoihitaji sana, haipo tena. Moshi wake pia humletea fundi homa. Zinki ikwanguliwe kwanza pale pa kuchomelea, kazi ifanywe penye hewa, kisha mshono upakwe rangi ya zinki.

Kabla ya rangi yoyote, gamba la kuchomelea ling'olewe na kutu isuguliwe kwa brashi ya waya. Halafu chuma kioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, kikaushwe, kipanguswe mafuta kwa thina. Chumvi ikibaki chini ya rangi itavuta unyevu na rangi itavimba. Praima ipakwe siku hiyo hiyo, ikianza na kingo na mishono, kwa sababu hapo rangi hukaa nyembamba. Oili chafu ya injini isikaribie: rangi haishiki juu yake.

Ukitoka safari ya vumbi au ya Pwani, osha trela kwa chini, si ubavuni tu. Ukiona mstari mwembamba wa kahawia kando ya mshono, usiupake rangi. Huenda ni ufa. Usilivute hadi fundi alikague.

Tuambiane ukweli kuhusu doo pia. Ukimbana fundi bei, hatapunguza rangi ya juu, kwa sababu hiyo unaiona. Atapunguza kuosha, praima na lile bamba la chini. Kwa hivyo mkubaliane mapema kwamba utakuja kuliona trela likiwa bado uchi, kabla ya tone la rangi. Lala chini na tochi, kagua kila mshono. Ukiridhika, mlipe vizuri, halafu ndiyo mzungumze kama liwe jeusi au la kijani.