Kenya: Seneti inavyolinda ugatuzi, na mahali nguvu zake zinapokomea

Kila mwaka, kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, mabaraza mawili ya Bunge la Kenya huvutana kuhusu swali moja: kaunti 47 zipewe kiasi gani cha mapato ya taifa? Jibu lake humgusa mgonjwa anayefuata dawa katika zahanati ya kijijini, kwa kuwa sehemu kubwa ya huduma za afya imekuwa mikononi mwa magavana tangu mwaka 2013.

Seneti si jambo geni nchini humo. Ilikuwepo wakati wa uhuru mwaka 1963, lakini serikali za majimbo zilipovunjwa, nayo haikudumu. Ilifutwa mwishoni mwa mwaka 1966. Katiba ya mwaka 2010 iliirudisha, na Ibara ya 96 ikaipa kazi ya kuziwakilisha kaunti na kulinda maslahi yake. Wajumbe wake ni 67, mbali na Spika. Kati yao, 47 huchaguliwa na wananchi, mmoja kwa kila kaunti.

Nguvu yake kubwa imo katika namna ya kupiga kura. Mswada unapohusu kaunti, kila ujumbe wa kaunti una kura moja tu. Lamu, ambayo sensa ya mwaka 2019 haikuihesabia hata watu 150,000, inalingana hapo na Nairobi yenye zaidi ya milioni 4.

Umuhimu wa utaratibu huo ulionekana wazi mwaka 2020, kilipojadiliwa kigezo kipya cha kugawa fedha baina ya kaunti. Kaunti zenye watu wengi zilitaka idadi ya watu ipewe uzito zaidi. Kaunti za kaskazini na pwani, ambazo ni kubwa kwa eneo na zilizoachwa nyuma kwa miaka mingi, zingepoteza mabilioni. Kura zilipigwa tena na tena bila muafaka, na mwezi Agosti polisi waliwakamata maseneta watatu. Hata hivyo upinzani haukuvunjika. Mwezi Septemba yalifikiwa makubaliano kwamba hakuna kaunti itakayopunguziwa fedha, na serikali ikaahidi nyongeza ya shilingi bilioni 50 katika mwaka uliofuata.

Mbele ya Bunge la Taifa, hata hivyo, Seneti huwa dhaifu zaidi. Mwaka 2013 wabunge walitaka kaunti zipewe shilingi bilioni 210. Maseneta walipendekeza bilioni 258. Mswada ulitiwa saini bila kujali msimamo wa maseneta, nao wakakimbilia Mahakama ya Juu. Tarehe 1 Novemba mwaka huo majaji walitoa ushauri kwamba mswada wa mgao unahusu kaunti na lazima Seneti ishirikishwe. Tangu hapo, mabaraza yasipoelewana, suala hupelekwa kwa kamati ya upatanishi, ambako kwa kawaida kila upande hulegeza kamba. Ndivyo ilivyokuwa baada ya mswada wa fedha wa mwaka 2024 kuondolewa kufuatia maandamano ya vijana: mgao wa bilioni 400 ulipunguzwa na wabunge hadi 380, ukaishia takriban bilioni 387.

Mlinzi huyo wa kaunti ndiye pia anayewahukumu magavana. Bunge la kaunti likipitisha hoja ya kumwondoa gavana, Seneti husikiliza mashtaka na kuamua. Magavana wa Kiambu na Nairobi waliondolewa mwaka 2020. Wa Meru aliokolewa na maseneta mara mbili, mwaka 2022 na 2023, kabla ya kuondolewa Agosti 2024. Haishangazi kwamba magavana huiona Seneti leo kama mtetezi, kesho kama mshitaki.

Jambo moja bado liko nje ya uwezo wake. Seneti huweza kupigania kiasi cha fedha, lakini anayezitoa ni Hazina ya Taifa, na magavana wamelalamika mara nyingi kwamba fedha zilizokwisha kupitishwa huchelewa kuzifikia kaunti, mishahara ya wauguzi ikiwa miongoni mwa yanayosubiri.