Rangi ya Mgonjwa na Dawa Anayoandikiwa

Mei 2002, Sally Satel, daktari wa magonjwa ya akili mjini Washington, aliandika katika gazeti la New York Times jambo ambalo madaktari wengi huona vigumu kulitamka hadharani: anapoandika dawa, huangalia rangi ya mgonjwa. Mgonjwa mweusi anayehitaji Prozac, dawa ya sonona, humwanzishia dozi ndogo kuliko ya kawaida, kwa hoja kwamba Wamarekani weusi wengi miili yao huimeng'enya dawa hiyo polepole. Mwaka mmoja kabla, daktari mwenzake, Robert Schwartz, alikuwa ameandika katika New England Journal of Medicine kwamba mbari haina maana kibiolojia na haifai kuwa kipimo cha tiba. Mabishano hayo yanaendelea.

Juni 2005 upande wa Satel ulipata nguvu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha BiDil, dawa ya moyo ulioshindwa kusukuma damu ipasavyo, kwa ajili ya watu weusi peke yao. Katika jaribio la wagonjwa 1,050, waliokufa miongoni mwa waliopewa dawa hiyo walikuwa asilimia 6.2, na miongoni mwa waliopewa vidonge visivyo na dawa asilimia 10.2. Hayo ni maisha ya watu yaliyookolewa, wala si jambo la kubezwa. Ila wagonjwa wote 1,050 walikuwa weusi. Jaribio lilithibitisha kwamba dawa inasaidia. Halikuthibitisha kwamba inawasaidia weusi kuliko wengine, kwa sababu hao wengine hawakuwamo.

Anayetaka kuona kipimo cha rangi kinavyoyumba aiangalie Afrika yenyewe. Abacavir, mojawapo ya dawa za kufubaza VVU, huweza kuzusha mzio mkali, hata wa kuua, kwa baadhi ya watu wenye aina ya jeni iitwayo HLA-B*57:01. Kwa muda mrefu jeni hiyo ilihesabiwa kuwa ya Wazungu zaidi, nadra kwa Waafrika. Mwaka 2010 wanasayansi Charles Rotimi na Lynn Jorde walionyesha takwimu zinazoivuruga picha hiyo: kwa Wayoruba wa Nigeria haikuonekana kabisa, lakini kwa Wamasai wa Kenya ilifikia asilimia 13.6. Myoruba na Mmasai wakiingia kliniki moja ya London, fomu itawaandika wote wawili "mweusi", na daktari anayeitegemea fomu hiyo atamweka Mmasai hatarini.

Kipimo cha jeni hakibahatishi hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wenye wagonjwa 1,956 kutoka nchi 19, ulionyesha kwamba waliopimwa kabla ya kupewa abacavir hawakupata hata kisa kimoja cha mzio uliothibitishwa kwa vipimo vya kinga ya mwili. Kwa wasiopimwa ilikuwa asilimia 2.7.

Madhara ya kukisia kwa rangi yalionekana wazi zaidi kwenye figo. Tangu mwaka 1999, kanuni zilizotumika sana Marekani kukadiria utendaji wa figo zilikuwa zikiongeza matokeo ya mtu mweusi kwa hadi asilimia 21. Kwenye karatasi figo zake zikaonekana nzima kuliko zilivyo, na baadhi ya wagonjwa wakachelewa kuingia kwenye foleni ya kupandikizwa figo. Mwaka 2021 wataalamu walipendekeza kanuni mpya isiyouliza rangi. Mwaka 2023 hospitali za upandikizaji zikatakiwa kuwarudishia wagonjwa weusi muda wa foleni waliopotezewa. Ilichukua zaidi ya miaka 20, na muda huo ni mrefu mno kwa mtu anayesubiri figo.

Je, daktari wa Kampala au Kisumu, ambaye karibu wagonjwa wake wote ni weusi na maabara yake haina kipimo cha jeni, afanye nini? Jibu moja zuri lilipatikana mwaka 2019. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 728 wa shinikizo la damu katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, wakilinganisha jozi tatu za dawa zilizo sokoni tayari. Jozi mbili zenye amlodipine zilishusha shinikizo zaidi kuliko ile ya perindopril na hydrochlorothiazide. Matokeo hayo yalitoka kwenye mikono ya wagonjwa wa Afrika wenyewe, waliopimwa shinikizo kwa saa 24 mfululizo, na amlodipine ni kidonge cha bei nafuu ambacho daktari huyo anaweza kukiandika leo.