Bustani za Mji Ni Mali ya Nani?

Mtu wa Misima akienda Dar es Salaam kwa haja zake, ama kumtazama mgonjwa, ama kufuata malipo yake, ama kununua vifaa vya duka, mara nyingi humaliza kazi yake adhuhuri, na basi lake la kurudi Handeni ni la kesho. Hapo ndipo taabu inapoanza. Kwao angekaa chini ya mwembe, na hapana mtu ambaye angemwuliza anataka nini. Mjini kila kivuli kina mwenyewe. Kiti cha hotelini chataka uagize chai, baraza ya duka ina mlinzi, na ukuta wa benki una tangazo la kukukataza kusimama. Mtu huyo si mzururaji wala si mhalifu. Ni raia aliyechoka miguu. Je, pana mahali gani katika mji ule ambapo anaweza kukaa bila ya kulipa na bila ya kufukuzwa?

Twaona swali hili lafaa kuulizwa na wafanyakazi wote, kwa maana mji wenyewe umebadilika sana. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967, Dar es Salaam ilikuwa na watu 272,821. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Watu wameongezeka kama mara ishirini, lakini viwanja vya wazi vya katikati ya mji ni vile vile vya zamani, na vingine vimekwisha pungua. Anayekaa katika nyumba yenye ua na miti haoni upungufu huo. Anayeuona ni yule apangaye chumba kimoja yeye na watoto wanne.

Uwanja wa kwanza tutakaoutaja ni Mnazi Mmoja, na historia yake yafaa kukumbukwa kwa sababu haikuanza kwa wema. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi za watu: uzunguni kando ya bahari, uhindini katikati, na Waafrika upande wa Kariakoo. Kati ya uhindini na Kariakoo wakaacha nafasi tupu, wakisema ni kwa ajili ya afya, maana yake maradhi ya Mwafrika yasivuke. Basi uwanja ule ulikuwa ukuta usio na matofali. Lakini watu waliokusudiwa kuzuiliwa ndio walioutwaa. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba iliyo karibu na hapo, na katika miaka iliyofuata Mnazi Mmoja pakawa mahali pa mikutano ya hadhara. Leo mnara wa Mwenge wa Uhuru umesimama pale pale. Twafikiri ni vigumu kupata katika nchi yetu mfano bora zaidi wa ardhi iliyotengwa ili kuwatenga watu ikageuka kuwa ardhi ya kuwakusanya.

Kutoka Mnazi Mmoja si mwendo mrefu kufika Bustani ya Mimea, iliyo Barabara ya Samora karibu na Makumbusho ya Taifa. Wadachi waliianzisha mwaka 1893, chini ya bwana mmoja aliyeitwa Franz Stuhlmann, wala hawakuianzisha kwa ajili ya matembezi. Walitaka kujua ni miti gani ya nchi za mbali itakayostawi hapa na kuleta fedha. Hata hivyo waliacha kivuli, na mpita njia wa leo hana haja ya kuwauliza nia yao. Humo mna mmea mmoja ambao wageni husafiri kwenda kuutazama, nao ni mti wa jamii ya minazi utokao visiwa vya Shelisheli, ambao mbegu yake ni kubwa kuliko mbegu ya mmea mwingine wowote duniani. (Asidhani msomaji kwamba twasema mshelisheli ule ambao matunda yake huchomwa yakaliwa, huo ni mti mwingine kabisa.) Bustani yenyewe ni ndogo. Ukumbi wa Karimjee, ambamo Bunge lilikuwa likikaa zamani, u jirani yake, na ofisi zimeizunguka pande zote.

Kwa kuwa tumetaja mwaka 1893, na tukumbuke kwamba ndio mwaka ambao mkonge uliingia nchini. Bwana Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na katika hiyo ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Mashamba yote ya Korogwe, na jasho lote la wakata mkonge waliolala katika kambi zake, asili yake ni miche hiyo 62. Na katika milima ya Usambara, ambayo mtu wa Korogwe huiona kila asubuhi, Wadachi walifungua kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902, wakapanda miti ya kila bara. Hifadhi ya Amani ilitangazwa rasmi mwaka 1997, na ndiyo bustani ya mimea kubwa iliyo karibu nasi kuliko zote. Katika milima hiyo hiyo ndimo lilimotoka lile ua dogo la zambarau ambalo watu wa Ulaya na Marekani huliweka madirishani mwao katika vyungu. Wengi wa wanaolimwagilia maji huko hawajapata kulisikia jina la Usambara. Na sisi je, ni wangapi kati yetu waliokwisha panda kwenda kuliona kwao?

Msafiri wa Misima ambaye haja yake ni Tanga ana bahati kuliko mwenzake wa Dar es Salaam. Bustani ya Jamhuri iko juu ya bandari, upepo wa bahari waipiga, na mtu aweza kukaa akatazama meli mpaka jua litue. Unguja nako kuna Forodhani, iliyotengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2009 kwa msaada wa shirika la Aga Khan. Mchana ni bustani ya kupumzikia, na usiku hugeuka kuwa jiko la mji mzima: mishikaki, pweza, urojo, maji ya miwa. Wako wasemao kwamba bei za pale siku hizi zinamtazama mgeni zaidi ya mwenyeji. Hata hivyo twawasifu Waunguja kwa jambo moja, nalo ni kuwa asiyenunua kitu naye huketi ukutani, watoto wakajirusha baharini, na hapana anayewaondoa. Kadhalika Coco Beach huko Dar es Salaam, jioni ya Jumapili, mhogo wa kukaanga ukiwa mkononi. Ufuo ule umekwisha gombewa zaidi ya mara moja na wenye nia ya kujenga, na wananchi wamepiga kelele kila mara.

Lakini atakaye kujua jinsi bustani inavyoweza kupotea, na jinsi inavyoweza kuokolewa, na aende Nairobi. Mwaka 1906 mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa mji ule bustani iliyo katikati yake. Mwaka 1991 ukatolewa mpango wa kuichimba ili kuweka maegesho ya magari na maduka, na aliyesimama kuupinga ni mjukuu wake, Zarina Patel. Bustani ipo hadi leo. Kabla ya hapo, mwaka 1989, ulitangazwa mpango mkubwa zaidi. Katika Uhuru Park, iliyofunguliwa na Mzee Kenyatta mwaka 1969, lilitakiwa kujengwa jumba la ghorofa 60. Wenye jumba walikuwa nani? Lilikuwa jumba la chama kilichotawala, KANU, pamoja na gazeti lake. Sisi tulio gazeti la chama twaieleza habari hii kwa makusudi. Mama Wangari Maathai aliandika barua kwa wakubwa wa nchi na kwa wakopeshaji wa ng'ambo, akiuliza kwa nini watu maskini wanyang'anywe mahali pao pekee pa kupumzikia. Alitukanwa Bungeni, na jumuiya yake ikatolewa katika ofisi yake. Mwishowe wakopeshaji wakarudi nyuma, na mpango ukafa. Miaka kumi baadaye, mwezi wa Januari 1999, alipigwa akaumizwa kichwa alipokwenda kupanda mti katika msitu wa Karura, uliokuwa ukigawiwa watu wachache. Mwaka 2004 alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani. Karura nayo ikasalimika, ingawa sasa mtu hulipa kiingilio langoni. Hatusemi kwamba kiingilio hakina kazi, kwa kuwa walinzi na watunza njia hula kwacho. Twasema tu kwamba mchukuzi wa mizigo mwenye watoto watano atafanya hesabu kabla ya kuingia.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, na tusipoutaja tutakuwa tumedanganya. Bustani nayo yaweza kumdhulumu mtu. Ile Central Park ya New York, isifiwayo na dunia nzima, ilipotengenezwa katika miaka ya 1850, kijiji kilichoitwa Seneca, ambacho wengi wa wakazi wake walikuwa watu weusi, baadhi yao wenye nyumba zao wenyewe, kilivunjwa kikafutika. Dar es Salaam sasa ina mpango wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliupitisha mwaka 2022, na mmojawapo wa madhumuni yake ni kuligeuza bonde la chini, pale Jangwani, kuwa bustani kubwa ya watu wote. Aliyeyaona mafuriko ya Desemba 2011 hawezi kusema kwamba bonde lile ni mahali pema pa kulala na watoto. Lakini wavunjiwao nyumba wana haki ya kulipwa sawasawa na kwa wakati, na bustani ikiisha, watoto wao ndio wawe wa kwanza kuchezea humo. Hayo mawili tutayatazama kwa macho makali.

Turudi Misima. Huenda wako watakaosema kwamba habari za bustani ni za mji, nasi tuna pori. Pori ni pori. Lakini barabara ya lami ikipita mahali, viwanja hukatwa kando yake upesi, mmoja leo, mwingine kesho, mpaka uwanja wa mpira umekuwa nyumba ya wageni na mwembe wa mkutano umekuwa kuni. Dar es Salaam nayo ilianza kama kijiji cha wavuvi kilichoitwa Mzizima, chenye nafasi tele. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, imeipa Halmashauri ya Kijiji, kwa idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, uwezo wa kutenga ardhi ya matumizi ya wote, ambayo hapana mtu aruhusiwaye kujimilikisha. Haitaki fedha za Serikali wala mtaalamu wa Ulaya. Yataka wajumbe wapendekeze, wanakijiji wakubali, mipaka ipandwe miti, na jambo hilo liandikwe katika daftari. Mkutano Mkuu hukaa kila baada ya miezi mitatu, na mwanakijiji yeyote aliyetimiza miaka kumi na minane aweza kusimama akasema.