Kabla Hujaupa Mche wa Manjano Mbolea

Miche ya nyanya, pilipili hoho au sukuma wiki inayooteshwa ndani ya nyumba, kwenye makopo yaliyopangwa dirishani, huanza vizuri karibu yote. Mbegu hupasua udongo, ghalambegu mbili, yaani yale majani mawili ya kwanza, hukunjuka, na mtu anayeotesha kwa mara ya kwanza huona kazi ngumu imekwisha. Shida hujitokeza wiki ya pili au ya tatu: mche umedumaa, jani jipya halitoki, na kijani kinapauka kuelekea manjano. Akiuliza, ushauri anaopewa na jirani hata muuza pembejeo ni uleule: mche una njaa, uwekee mbolea. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini kwa maoni yangu umeua miche mingi kuliko njaa yenyewe. Manjano huonyesha tu kwamba mche umeshindwa kutengeneza klorofili ya kutosha au kuilinda iliyopo. Sababu za kushindwa huko ni kadhaa, na kwa mche mchanga uliomo ndani ya nyumba, uhaba wa mbolea ndio unaopaswa kushukiwa mwishoni, baada ya mwanga na baada ya hewa kwenye mizizi.

Tuanze na mche wenyewe. Mbegu huja na akiba yake ya chakula, nayo hulisha mche hadi majani halisi yaanze kazi. Akiba ikiisha, ghalambegu hugeuka manjano, husinyaa na kudondoka, na huo si ugonjwa. Kwa hiyo kabla ya kushika kitu chochote, tazama ni jani lipi limebadilika rangi. Ikiwa ni zile ghalambegu mbili za chini kabisa, na majani yaliyo juu yake ni ya kijani na yanaongezeka, mche huo ni mzima. Tatizo lipo pale majani halisi yanapopauka au yanapogoma kukua. Hapo inafaa kukumbuka kanuni iliyoenezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig katika karne ya 19, baada ya Carl Sprengel kuitangulia: ukuaji wa mmea hutawaliwa na kile kilicho haba kuliko vyote, na kuongeza kilichopo tayari hakusaidii. Wao walizungumzia madini, lakini mwanga nao hufuata mkondo huohuo. Mche uliokosa mwanga ukimwagiwa naitrojeni hautakuwa na nguvu ya kuitumia.

Wengi watapinga kwamba sisi wa Afrika Mashariki jua tunalo, tena kali. Ni kweli, ila liko nje. Saa sita mchana penye jua wazi, mwanga hufika kiasi cha luksi 100,000. Mita mbili au tatu kutoka dirishani, chumba kinachoonekana cheupe kabisa huwa na mia chache tu. Jicho la binadamu hujirekebisha na kutuficha pengo hilo, lakini jani halina namna ya kujirekebisha kiasi hicho. Kuna pia kosa linalotokana na maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya wakulima wa Ulaya, yanayosema miche iwekwe kwenye dirisha linalotazama kusini. Nairobi iko takriban digrii moja tu kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na dirisha la kusini halipati miale yake ya moja kwa moja hata kidogo. Miezi inayobaki mambo hugeuka, lakini hata hapo jua la mchana liko juu sana kiasi kwamba ukingo wa paa au roshani ya jirani wa ghorofa ya juu hulizuia. Madirisha yenye manufaa mwaka mzima kwetu ni ya mashariki na magharibi, ambako jua huingia likiwa chini, na mche unapaswa kukaa karibu kabisa na kioo, pazia likiwa limefunguliwa. Kisha kuna Julai ya Nairobi, mawingu kutwa na baridi usiku, ambayo hupunguza hata hicho kidogo.

Kupima mwanga hakuhitaji kifaa. Weka karatasi nyeupe pale miche ilipo, nyosha mkono juu yake, utazame kivuli. Kivuli chenye kingo zilizokatika wazi ni dalili ya mwanga wa kutosha. Kikiwa cha ukungu tu, au kisipoonekana, miche inaishi gizani. Mche wenyewe nao husema: shina hurefuka na kuwa jembamba, hulalia upande wa dirisha, na nafasi kati ya jani na jani huwa kubwa. Taa nyeupe ya LED ya kawaida, ikining'inizwa sentimita 10 hadi 20 juu ya miche na kuwashwa saa 14 hadi 16 kwa siku, huweza kuziba pengo hilo. Anayejiuliza kwa nini asiitoe miche nje moja kwa moja ana hoja nzuri. Mwenye roshani au uwanja aitoe, mradi aizoeshe kidogo kidogo kwa wiki nzima, kwa sababu jani lililolelewa kivulini huungua likikutana na jua la adhuhuri ghafla.

Mwanga hafifu huleta balaa la pili, nalo ndilo nionalo kuwa kiini cha jambo hili. Mche usiopata mwanga hunywa maji kidogo, ilhali anayeutunza anaendelea kuumwagilia kila asubuhi. Udongo haukauki. Mizizi hupumua kama sehemu nyingine yoyote hai ya mmea, na oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko inavyosafiri hewani. Mizizi iliyokosa hewa hukosa nguvu ya kuvuta virutubisho, na mche hushinda na njaa katikati ya chakula. Manjano hayo yanafanana sana na ya ukosefu wa naitrojeni, na ndiyo maana mbolea huonekana kuwa jibu. Kopo lisilo na tundu chini huleta hali hii hata kwa mtu mwenye mkono mwepesi wa maji. Udongo mzito wa mfinyanzi hushindiliana ndani ya kopo hadi hewa ikakosa pa kupita. Na ile desturi ya kutandika kokoto chini ya kopo ili maji yachuje haisaidii: maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye nafasi kubwa za kokoto, hivyo tabaka lililojaa maji hupanda juu zaidi, karibu na mizizi.

Kuna uchunguzi mmoja ambao wanaoanza huuogopa, nao ndio wenye faida kuliko yote. Lishike kopo, lipindue, liminye ubavuni, na utoe donge la udongo pamoja na mche mmoja. Mizizi yenye afya ni myeupe, imara, yenye vinyweleo vinavyoshika chembe za udongo. Mizizi iliyozama ni ya kahawia na inateleza. Ukiuvuta mmoja kwa vidole, ngozi yake ya nje huvuka na kubakiza uzi mwembamba mkononi, na donge hutoa harufu ya uvundo. Shina likiwa limesinyaa usawa wa udongo, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa vimelea wanaopenda unyevu, na mche huo hautapona. Kwa miche ambayo mizizi yake bado ina weupe, tiba ni kutoboa kopo, kuhamishia kwenye udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga na mboji iliyoiva, na kuacha kumwagilia hadi kopo liwe jepesi likinyanyuliwa.

Sasa, wapo watakaosema waliweka mbolea na mche ukarudi kijani. Siwabishii. Miche iliyooteshwa kwenye usumba wa nazi mtupu huishiwa mapema, kwa sababu usumba una virutubisho haba. Iliyooteshwa kwenye unga wa mbao mbichi huwa na hali mbaya zaidi, kwani vijidudu vinavyoozesha mbao hujichukulia naitrojeni kwanza. Lakini njaa hiyo ina alama zake: huanza kwenye majani ya chini, kwa sababu mmea huhamisha naitrojeni kutoka majani ya zamani kwenda machanga. Manjano yakianzia kwenye majani mapya, huku mishipa ikibaki ya kijani, kinachokosekana ni madini ya chuma, ambacho hakihami. Mara nyingi chuma kimo udongoni ila kimefungwa na maji ya kisima yenye chokaa nyingi, na ukiongeza urea hutakifungua. Pwani kuna jambo jingine la kuangalia: makumbi yaliyofukiwa kwenye tope la bahari ili yalainike hubaki na chumvi, na usumba wake lazima usuuzwe kwa maji baridi mara kadhaa kabla ya kupanda. Mbolea za chumvichumvi nazo ni chumvi. Chembe chache za mbolea ya CAN zikikaa karibu na shina changa huzuia mizizi kunywa, na kingo za majani huungua.

Kujaribu kila tiba kwa pamoja kunaonekana kuokoa muda, lakini mche ukipona au ukifa hutajua kwa nini, na msimu ujao utaanza upya bila ulichojifunza. Badilisha jambo moja, mwanga kwanza, na uache makopo mawili kama yalivyo ili uwe na cha kulinganisha. Subiri siku saba hadi kumi. Jani lililokwisha kuwa manjano kabisa kwa kawaida halirudi, kwa hiyo usilitumie kupimia. Tazama jani linalofuata. Likitoka la kijani, umepata. Likitoka limepauka ilhali mwanga upo na mizizi ni myeupe, hapo ndipo mbolea inapofaa: ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, juu ya udongo uliokwisha kuloweshwa.