Panadol Nje ya Kabati la Dawa

Mwaka 2013 helikopta zilipita juu ya misitu ya Guam, kisiwa cha Marekani kilichoko katika bahari ya Pasifiki, zikidondosha panya wachanga waliokwisha kufa. Kila panya alibeba miligramu 80 za parasetamoli, dawa ileile ambayo wengi wetu huiita Panadol bila kujali imetoka kiwanda gani. Panya hao walifungwa kwenye vipande vya karatasi ngumu na utepe ili wanase matawini, kwa kuwa waliolengwa wanaishi mitini: nyoka wa kahawia walioingia kisiwani baada ya Vita Kuu ya Pili na kuwamaliza karibu ndege wote wa asili wa misitu ile. Nyoka akimeza panya mmoja wa aina hiyo, hafiki mbali.

Miligramu 80 ni chini ya sehemu moja ya sita ya kidonge cha kawaida cha miligramu 500. Wewe unameza viwili, unajilaza, unaamka kichwa kimetulia. Nyoka anakufa kwa punje. Paka naye yuko hatarini. Ini lake lina upungufu wa vimeng'enya vya kuifunga dawa hii ili itoke mwilini, basi mabaki yake huharibu chembe nyekundu za damu, zikashindwa kubeba oksijeni. Kidonge kimoja kinaweza kumuua paka mzima. Ukiona paka wako amejikunyata kwa homa, usimpe Panadol kwa huruma. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Binadamu anasalimika kwa sababu ya ini lake. Sehemu kubwa ya parasetamoli ikifika huko hufungwa na kutolewa kwa mkojo. Sehemu ndogo hugeuka sumu kali, lakini hudakwa papo hapo na glutathioni, kinga ambayo ini hujiwekea akiba. Akiba ikitosha, hakuna linaloharibika. Ikiisha, sumu huzigeukia chembe za ini lenyewe. Hapo ndipo kilipotoka kile kiwango tunachokirudia kila siku dirishani mwa duka la dawa: mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24. Anayekunywa pombe sana, mwenye ugonjwa wa ini na aliyedhoofika kwa kukosa chakula wana akiba ndogo zaidi, nao wapewe kipimo na mtaalamu.

Madaktari pia wameipa dawa hii kazi ambazo hazikuandikwa kwenye pakiti. Mtoto akiwa tumboni ana mshipa mfupi unaounganisha ateri ya mapafu na ateri kuu ya mwili. Kwa kawaida mshipa huo hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa, ila kwa watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, mara nyingine hubaki wazi na kuyaelemea mapafu. Parasetamoli hupunguza kemikali zinazouacha wazi, na katika baadhi ya hospitali hutumika kuufunga. Ni kazi ya wodi ya watoto wachanga, chini ya macho ya wataalamu usiku na mchana. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha pia utafiti uliodai kwamba dawa hii hupunguza hata uchungu wa moyo wa mtu aliyetengwa na wenzake. Matokeo yaliyofuata hayakukubaliana, na mimi sitamshauri mtu aliyeachwa na mchumba ameze Panadol.

Jikoni ni habari nyingine, na hapo nataka tukae. Kutia Panadol kwenye sufuria ya nyama au maharage ili viive upesi si jambo geni masikioni mwetu Afrika Mashariki. Nchini Nigeria, mamlaka ya chakula na dawa, NAFDAC, imewahi kuwaonya wananchi hadharani kuhusu nyama inayopikwa hivyo. Chanzo chake ninakielewa vizuri: mkaa ni ghali, gesi ni ghali, na mama lishe anayefungua saa sita mchana hawezi kumwambia mteja asubiri maharage.

Lakini tuiangalie dawa yenyewe. Nyama ngumu hulainika pale nyuzi zake za kolajeni zinapogeuka ute kwa moto wa taratibu wenye maji, au pale kimeng'enya kinapozikata protini zake. Parasetamoli si kimeng'enya. Si asidi kali, wala si kama magadi, ambayo hulegeza ganda la maharage. Tena haipotei kwa kuchemshwa. Maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi joto 100, na joto hilo halitoshi kuivunja yote wala kuigeuza mvuke, kwa hiyo inabaki mchuzini. Ile kidogo inayovunjika hutoa para-aminofenoli, kemikali inayodhuru figo. Mpishi hakupima, mlaji hajui. Huenda mlaji huyo asubuhi alikwisha kumeza vidonge viwili vya kichwa, na jioni atakunywa dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli ndani. Hakuna mfamasia atakayeweza kumpigia hesabu.

Na vya kulainishia tunavyo tele. Papai bichi, ambalo wachoma mishkaki wa pwani wamelitumia miaka mingi, lina papaini, kimeng'enya kinachokata protini hasa; saga kipande kidogo, paka nyama, ukizidisha muda itakuwa uji. Tangawizi na nanasi hufanya kazi ya namna hiyo. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji, uyapike kwa maji mapya. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu huwa sugu, kwa hiyo nunua ya msimu huu ukiweza. Muuzaji ukimuuliza atakuambia.

Mwisho, jambo ambalo ningependa kila nyumba ilijue. Aliyezidisha Panadol, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, anaweza kupita siku nzima akiwa na kichefuchefu tu, au bila dalili yoyote. Siku ya pili anaweza hata kuonekana ana nafuu, huku ini likiharibika kimyakimya. Macho ya manjano huja siku ya tatu au ya nne. Dawa ya kuokoa ini ipo, inaitwa asetilisisteini, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza kutolewa ndani ya saa 8. Usingoje dalili. Chukua pakiti ya vidonge, mkumbuke alimeza vingapi na saa ngapi, muondoke kwenda hospitali saa hiyohiyo.