Majina Mawili, Kitendo Kimoja: Istilahi za Klachi na Giaboksi huko Mubi

1.0 Utangulizi

Tupimapo ukomavu wa Kiswahili tumezoea kutazama istilahi za sheria, elimu na siasa. Istilahi za gereji hutajwa mara chache, na zitajwapo huitwa maneno ya mitaani. Makala haya yanaeleza namna ya kutunza na kukarabati mfumo upelekao nguvu za injini hadi magurudumuni, yakizingatia msamiati anaouhitaji fundi wa Mubi, wilayani Walikale, Kivu ya Kaskazini. Hoja yetu ni kwamba majina ya vifaa hutofautiana toka eneo moja hadi jingine, lakini vitenzi vinavyoeleza hali ya vifaa hivyo ni vya Kiswahili kimoja. Mwongozo wa ufundi unaotaka kueleweka yafaa ujengwe juu ya vitenzi hivyo.

2.0 Mubi, njia panda ya msamiati

Mubi ni kituo cha biashara kwenye barabara ya taifa namba 3, itokayo Bukavu kupitia Hombo na Walikale kuelekea Lubutu na Kisangani. Katika miaka ya 2000 kasiteriti ya Bisie ilibebwa mgongoni msituni hadi Njingala, kisha ikapakiwa magarini mpaka kipande cha lami cha Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua na kuipeleka Goma. Njia za matope, milima na mito huchosha klachi na giaboksi kuliko barabara yoyote ya mjini.

Utawala wa Ubelgiji na shule vilirithisha ufundi wa Kongo majina ya Kifaransa. Hata hivyo, magari na vipuri vingi vya mashariki ya nchi hupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na huko majina yametoholewa kutoka Kiingereza. Hivyo kifaa kimoja huwa na majina mawili: ambreyaji ni klachi; bwati ya vitesi ni giaboksi; kardani ni propela shafti; rulema ni beringi. Anayeagiza kipuri kutoka mbali kwa jina moja, huku muuzaji akilijua jingine tu, huenda akapokea kisichofaa, na safari ya kukirudisha ni ya siku kadhaa.

Utohozi huu si uharibifu wa lugha. Pwani, neno la Kiingereza la bamba la kuzuia matope liligeuka madigadi, kisha wasemaji wakaona ma- ya wingi ndani yake na kupata umoja, digadi. Kipilefti nacho kikapata wingi, vipilefti. Neno vitesi, kwa kuanza na vi-, limeingia katika Kiswahili likiwa tayari limevaa sura ya ngeli yake.

3.0 Mafuta: neno moja, hatari tatu

Istilahi yenye hatari zaidi ni ile ionekanayo nyepesi: mafuta. Tanzania, kujaza mafuta ni kutia petroli au dizeli, na kilainishi huitwa oili. Mashariki ya Kongo petroli huitwa esansi na dizeli mazutu, hivyo neno mafuta hubaki kwa kilainishi, na pia kwa yale ya kupikia. Kwa hiyo mwongozo usiseme "mafuta" peke yake. Useme mafuta ya injini, ya giaboksi au ya difu.

Hatari ya pili imo katika namba. Mafuta ya giaboksi ya daraja la 90 si mazito mara mbili kuliko ya injini ya daraja la 40. Vipimo hivyo ni viwili tofauti, na kwa kweli uzito wake unakaribiana. Hatari ya tatu ni herufi GL. Mafuta ya GL-5 hutengenezwa kwa ajili ya difu, ambamo meno husuguana kwa shinikizo kubwa. Baadhi yake huweza kula pete za shaba nyeupe au nyekundu zilizomo ndani ya giaboksi nyingi za mkono, ambazo hudai GL-4. Neno la mwisho ni la kitabu cha gari lenyewe.

Katika kubadilisha, kifuniko cha kujazia kifunguliwe kabla ya kile cha kumwagia, maana kikigoma baada ya mafuta kumwagwa, gari halina pa kwenda. Mafuta hujazwa hadi yafikie ukingo wa chini wa tundu. Difu yenye moto ikizama katika maji baridi ya mto, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta maji ndani. Mafuta yakionekana kama chai ya maziwa, yamwagwe siku hiyohiyo, hata kama yalitiwa juzi.

4.0 Dalili na vitenzi vyake

Hapa ndipo majina mawili yanapokutana. Klachi huteleza: injini inapiga kelele nayo gari haiongezi mwendo, hasa mlimani. Disiki imekwisha au imelowa mafuta. Gia hukwaruza wakati wa kuingizwa: klachi haiachi sawasawa, pengine kwa hewa iliyomo katika mfereji wake wa mafuta; ikiwa klachi ni nzima, pete za kulinganisha mwendo zimelika. Giaboksi huvuma gari likiwa limesimama bila gia: mguu ukikanyaga klachi na mvumo ukanyamaza, beringi ya shafti ya kuingilia ndiyo mbovu, sauti ikianza pale tu mguu unapokanyaga, ni beringi ya klachi yenyewe. Kardani hugonga wakati wa kuondoka: kiungo chake cha msalaba kimelegea, au kimekosa grisi. Sili huvuja, na kuvuja kidogo kusipozibwa huua beringi kwa ukavu.

Kuteleza, kukwaruza, kuvuma, kugonga, kuvuja: vitenzi hivi havikutoholewa. Fundi wa Mombasa ambaye hajasikia neno ambreyaji atatambua ugonjwa mara aambiwapo kwamba kitu kinateleza mlimani, naye wa Mubi hali kadhalika.

5.0 Hitimisho

Tangu mwaka 2022, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na haja ya vitabu vya ufundi vitakavyosomeka pande zote imeongezeka. Kuamua kwamba klachi ni sanifu na ambreyaji ni kosa kutamnyima fundi wa Walikale kitabu anachokihitaji. Tunapendekeza kila ingizo la kamusi ya ufundi liweke majina yote mawili bega kwa bega, na chini yake vitenzi vya dalili na vya tiba. Katika njia ya Lubutu, ambako kosa la neno moja humweka mtu porini usiku kucha, usanifishaji wa namna hiyo ni utumishi.