Kichwa cha Habari Kikivuka Mstari Mmoja

Hivi ndivyo LaTeX, programu ya kupanga kurasa, inavyoweza kukipanga kichwa kirefu cha tasnifu ikiachiwa yenyewe:

3.2 Matumizi ya Methali na
    Misemo katika Mashairi ya
    Pwani ya Afrika Mashariki

Hakuna herufi iliyokosewa, lakini msomaji anajikwaa mara mbili. "Na" ya mstari wa kwanza na "ya" ya mstari wa pili zimeachwa zikining'inia. Neno dogo kama "ya", ambalo walimu huliita a-unganifu, huandamana na neno linalolifuata. Ukisoma kwa sauti unapumua kabla yake, si baada yake. Kwa hiyo:

3.2 Matumizi ya Methali
    na Misemo katika Mashairi
    ya Pwani ya Afrika Mashariki

Mashine haijui mambo ya pumzi. Donald Knuth alianza kuibuni TeX mwaka 1977, baada ya kuchukizwa na jinsi kurasa za kitabu chake mwenyewe zilivyopangwa, na hesabu yake ya kukata mistari huitazama aya nzima kabla ya kuamua. Leslie Lamport akaijenga LaTeX juu yake miaka ya 1980. Ila kichwa nacho hupimwa kama aya fupi tu: kinachoangaliwa ni nafasi kati ya maneno.

Wengi hukimbilia \\ kuukata mstari kwa nguvu. Ukurasani inapendeza. Ukifungua yaliyomo, mkato uleule umekufuata huko, mahali ambapo pengine kichwa kingeenea vizuri kwenye mstari mmoja. Kichwa cha \section kina makazi zaidi ya moja: ukurasani, kwenye yaliyomo, na mara nyingine juu ya kurasa zinazofuata. Unaweza kuandika nakala ya pili ndani ya mabano ya mraba kwa ajili ya huko kwingine, lakini sasa una vichwa viwili vya kusahihisha, na siku moja utasahau kimoja. Mimi hupendelea alama ya ~, inayofunga maneno mawili yasitenganishwe: na~Misemo, katika~Mashairi, ya~Pwani, ya~Afrika~Mashariki. Haiamrishi mkato uwe wapi. Inakataza tu pale usipotakiwa. Ukibadilisha fonti au upana wa ukurasa, bado inafanya kazi.

Kuna hili la pambizo ya kulia. Katika muundo wa kawaida wa vitabu, kichwa cha sura huachwa bila kunyooshwa kulia, lakini kichwa cha sehemu hunyooshwa kama aya. Maneno yetu ni marefu. Weka "yanayowakabili" kwenye mstari wa herufi kubwa nzito, na mapengo yatatokea, au neno litakatwa kwa kistari, tena kwa kanuni za Kiingereza iwapo hukutaja lugha. Kifurushi cha titlesec cha Javier Bezos hulimaliza hilo kwa neno moja, raggedright. Namba ya sehemu haina haja ya kuguswa: LaTeX yenyewe huuanza mstari wa pili chini ya herufi ya kwanza ya kichwa, si chini ya namba.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni la wanaotengeneza vichwa kwa mkono: wanafungua mabano, wanaweka \Large, wanaandika kichwa, wanafunga, wanaacha mstari mtupu. Kikiwa kifupi, hakuna anayegundua. Kikifika mistari miwili, mistari inabanana kama abiria wa daladala. TeX huuliza umbali wa mistari pale aya inapoisha, na mabano yameshafungwa. Basi, hati ikiwa na ukubwa wa kawaida wa LaTeX, herufi za pointi 14.4, zinazostahili umbali wa pointi 18, hupewa pointi 12 za maandishi ya kawaida. Zikielekea kugongana, TeX hubakiza upenyo wa pointi 1 tu. Andika \par kabla ya kufunga mabano, na mistari itaachana.